Bunduki ya Zamani na Mbweha Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakulima wa Mtwara na Lindi

Maswali yafuatayo huulizwa na wafugaji wa kuku na mbuzi wanaoishi kando ya mashamba ya mikorosho, kuanzia Mikindani na Newala hadi Nachingwea na Liwale, ambao wamerithi au wanafikiria kutumia bunduki ya zamani ya kuwindia ili kuwazuia mbweha. Majibu yanaanza na mnyama mwenyewe kabla ya kufika kwenye bunduki, kwa kuwa huo ndio mpangilio unaofaa kufuatwa hata shambani.

Nimekuta kuku wameliwa usiku. Nitajuaje kwamba aliyewala ni mbweha?

Chunguza mapema asubuhi, kabla uwanja haujafagiwa. Mbweha humchukua kuku na kwenda kumlia mbali, kwa hiyo utaona manyoya yaliyodondoka njiani kuelekea kichakani, pamoja na nyayo zinazofanana na za mbwa mdogo zenye alama za kucha mbele ya vidole. Kanu naye hupanda, hupenya kwenye tundu dogo juu ya banda, na mara nyingi hula kichwa na shingo akauacha mwili palepale. Nyayo zake kwa kawaida hazionyeshi kucha. Ukikuta mahali pamoja pa kinyesi kilichojaa mbegu za matunda na magamba ya majongoo, mgeni wako ni ngawa. Mayai na vifaranga wanaopotea mchana ni kazi ya nguchiro au mwewe, na banda lililovunjwa mbao au kuchimbwa chini ya ukuta kwa nguvu isiyo ya kawaida humwelekeza mtu kwa nyegere. Kuku wengi waliouawa na kuachwa bila kuliwa ni dalili ya mbwa, na aghalabu mbwa huyo ana mwenyewe kijijini.

Ipo pia hali ambayo kuku wote wametoweka, hakuna hata unyoya mmoja chini, na mlango umerudishiwa vizuri kama ulivyokuwa. Suala hilo ni la mwenyekiti wa kitongoji.

Mbweha wa huku kusini ni mnyama wa namna gani?

Anayeonekana zaidi ni mbweha miraba, mwenye rangi ya kijivu, mstari hafifu ubavuni na ncha nyeupe ya mkia, ambayo ndiyo alama rahisi kuliko zote ya kumtambua. Uzito wake huwa kati ya kilo 7 na 12 hivi, hutembea usiku na alfajiri, mara nyingi wakiwa wawili, dume na jike, wanaolinda eneo lao. Chakula chake ni mchanganyiko wa panya, wadudu, mizoga na matunda yaliyoanguka, ndiyo maana msimu wa korosho humleta karibu na nyumba: mabibo yanayooza chini ya mikorosho, na makapi yanayotupwa baada ya kukamuliwa uraka, ni karamu kwake, na kuku aliyelala nje jirani na karamu hiyo huongezewa tu kwenye sahani.

Tabia hiyo ya kulinda eneo ina maana kubwa kwa mtu anayetaka kutumia bunduki. Ukiwaua wawili hao, nafasi yao hubaki wazi, na mbweha wengine wachanga wanaotafuta makazi huijaza baada ya muda. Iwapo banda halijatengenezwa na mabibo hayajaokotwa, utakuwa unapiga risasi kila msimu.

Je, sheria inaniruhusu kumpiga risasi mbweha anayeshambulia mifugo yangu?

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali, na kuwinda bila kibali ni kosa hata kama mnyama ni mdogo na hana thamani sokoni. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama katika kulinda uhai au mali yake. Wengi hulisoma ruhusa hiyo kwa upana kuliko ilivyo. Inahusu mnyama aliye katika kushambulia, kwa mfano mbweha aliyeingia zizini na kumkamata mwanambuzi; haihusu kumfuata mchana kwenye shimo lake kichakani kwa sababu wiki iliyopita kuku walipungua.

Baada ya kuua, toa taarifa mara moja kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, kwa ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) iliyo karibu, au kituo cha polisi, na umwache mnyama alivyo. Ngozi, mkia, meno na nyama yake ni nyara za Serikali. Mtu aliyejitetea kihalali anaweza kujikuta mshitakiwa kwa sababu tu ya kumpa mganga mkia wa mbweha, jambo ambalo wengi hulichukulia kama ukarimu mdogo wa kijirani.

Iwapo shamba lako linapakana na Pori la Akiba Lukwika-Lumesule, Msanjesi, Selous, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere au eneo la jumuiya ya hifadhi kama Magingo kule Liwale, usivuke mpaka ukiwa na bunduki kwa sababu yoyote ile. Maelezo ya kwamba ulikuwa unamfuata mbweha aliyejeruhiwa hayatakusaidia mbele ya askari wa doria.

Mjomba amefariki na ukoo umekaa baada ya arobaini ukaniachia bunduki yake. Je, ni yangu?

Bado. Katika ukoo wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mpwa kurithi mali ya mjomba ni jambo la kawaida, na kikao cha ukoo kinaweza kukukabidhi shamba la mikorosho, kiunga na jembe la plau, silaha hakiwezi. Leseni ya bunduki ni ya mtu mmoja na hukoma kuwa na maana kwa familia pale mwenye nayo anapofariki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka silaha ya marehemu ifikishwe polisi, na anayetaka kuimiliki aombe kwa jina lake mwenyewe.

Kwa vitendo, mzee au msimamizi wa mirathi apeleke bunduki pamoja na risasi zote na leseni ya zamani kituo cha polisi, aandikishe na apewe hati ya mapokezi. Ni busara kwanza kwenda kituoni bila bunduki, kueleza kwamba ipo nyumbani, na kuuliza ichukuliwe au ipelekwe kwa utaratibu gani, kwani mtu asiye na leseni anayeonekana kwenye bodaboda akiwa na mtutu mrefu uliofungwa kwenye mkeka atakuwa na mengi ya kueleza kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Maombi ya leseni mpya huanzia ngazi ya kijiji na kata na kupita kwenye kamati ya usalama hadi polisi, nayo huchunguza mwenendo wako, sababu ya kuhitaji silaha na mahali utakapoitunza. Kama bunduki imekaa miaka mingi bila kusajiliwa, fahamu kwamba Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari. Hata nje ya vipindi hivyo, kujipeleka mwenyewe kituoni ni tofauti kabisa na kukutwa nayo.

Nimepata leseni. Nitajuaje kwamba bunduki yenyewe bado inafaa kupigwa?

Swali hili ndilo linalopewa uzito mdogo kuliko yote, ilhali ndilo linaloweza kumpofusha mtu. Bunduki nyingi za zamani zilizoko kusini ni za bolti, yaani kipande cha chuma kinachosukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu: zipo za kipimo cha .303 za asili ya Uingereza, Mauser za Kijerumani, na chache kubwa za .375 au .404 zilizokusudiwa nyati na tembo. Eneo hili lilipita katika vita vya Wajerumani na Waingereza, na mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yalikuwa Oktoba 1917; kwa hiyo si ajabu kukutana na silaha iliyowazidi umri wazee wote wa kijiji.

Anza na mdomo wa mtutu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda sana tundu lenye ukubwa huo, na bunduki iliyokaa darini miezi mitatu inaweza kuwa na kiota kigumu ndani yake ambacho hakionekani kwa nje. Risasi ikikutana na udongo huo, gesi hukosa njia na mtutu hupasuka au kuvimba. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga wa mchana, na utazame kutokea upande wa nyuma: unapaswa kuona duara safi na mifereji inayozunguka. Kivuli cha pete ndani ya mtutu humaanisha kwamba ulishawahi kuvimba, na bunduki hiyo haitengenezeki kwa bei yoyote inayolingana na kuku.

Kisha angalia kitako. Mbao zilizokaa kwenye unyevu wa pwani hupasuka sehemu nyembamba nyuma ya bolti, na wazee wengi walifunga ufa huo kwa waya wa shaba au kwa ngozi ya kenge. Ufungaji huo unaweza kupendeza, lakini bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, ufa hufunguka usoni mwa mpigaji. Kizuizi cha usalama kijaribiwe bila risasi: kikiwa kimefungwa, kifyatulio kisishuke hata ukikivuta kwa nguvu, na bunduki isifyatuke kitako kikigongwa chini.

Yapo mambo ambayo macho hayatoshi. Nafasi kati ya bolti na ganda la risasi huongezeka kadiri chuma kinavyochakaa, na ikizidi, ganda hupasuka na kurudisha gesi ya moto kwenye jicho la mpigaji. Kipimo hicho hufanywa na fundi wa silaha anayetambuliwa na polisi, mwenye geji zake. Mauser za mwanzo nazo zina hila yake: mitutu iliyotengenezwa kabla ya 1905 ilikuwa ya risasi yenye kipenyo cha inchi .318, na baada ya hapo jeshi la Wajerumani lilihamia .323. Maganda yanafanana na risasi nene inaingia kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) ya mtutu mwembamba bila shida yoyote, mpaka pale unapofyatua.

Fundi akisema hapana, usitafute fundi wa pili atakayesema ndiyo.

Kuna risasi za mjomba kwenye kopo la maziwa. Naweza kuzimaliza?

Hapana. Zipeleke polisi pamoja na bunduki. Ganda lenye kutu ya kijani, risasi inayochezacheza shingoni mwa ganda au maandishi ya kitakoni yasiyosomeka ni sababu ya kutosha, ila hata zile zinazong'aa huenda zimepoteza nguvu kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Risasi dhaifu inaweza kukwama katikati ya mtutu, na inayofuata ikaikuta hapo. Nyingine huchelewa kulipuka: ukivuta kifyatulio na kusikia mlio mtupu wa chuma, endelea kuelekeza mtutu mahali salama kwa angalau nusu dakika kabla ya kugusa bolti. Nunua risasi mpya kwa muuzaji mwenye kibali, za kipimo kilichoandikwa kwenye leseni yako na kwa idadi uliyoruhusiwa.

Je, bunduki kubwa si nzuri zaidi kwa kuwa haikosi?

Ukubwa wa risasi hauna uhusiano na kulenga. Kifua cha mbweha kina upana unaokaribia kiganja cha mtu mzima, na bunduki za kijeshi za .303 ziliwekewa kitazamio kinachoanzia yadi 200, kwa hiyo ukimlenga mnyama aliye hatua 50 kutoka kwako risasi itapita juu kidogo ya unapotazama. Anayelenga mgongo kwa umbali huo hupiga hewa, na hewa hiyo inaishia kwa jirani. Risasi ya .303 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na hata ile ndogo ya .22 inayodharauliwa hufika zaidi ya kilomita moja. Ukuta wa nyumba ya miti na udongo hauizuii ile ya .303.

Kwa mnyama wa kilo 10 karibu na makazi, bunduki ya marisau, yaani shotigani, inafaa kuliko bunduki yoyote ya risasi moja iliyotajwa hapa, mradi apigwe ndani ya hatua 30 hivi. Marisau hupoteza nguvu mapema na hayaendi mbali. Ile ya .375 au .404 haina kazi kwenye banda la kuku, na mtu mwenye bunduki ya namna hiyo kwa ajili ya mbweha angefanya vema kuisalimisha na kutumia nguvu zake kwenye seng'enge.

Ni saa ngapi na mahali gani naweza kupiga bila kuhatarisha watu?

Alfajiri ndiyo saa ya mbweha kurejea kichakani, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo saa ya wapuliziaji wa salfa. Vumbi la salfa hushika vizuri majani ya mkorosho yakiwa na umande, hivyo vijana wenye bomba mgongoni huingia shambani giza likiwa bado lipo, wamejifunga vitambaa usoni, na kelele ya mashine yao huwazuia kusikia ukiita. Msimu wa kuokota korosho nao huwaleta akina mama na watoto chini ya mikorosho mapema vilevile. Matawi ya mkorosho huinama hadi karibu na ardhi, na mtu aliyechutama upande wa pili haonekani kabisa.

Kwa sababu hiyo kanuni moja ishikwe bila kujadiliwa: usifyatue mpaka umeona kitakachoipokea risasi nyuma ya mnyama. Kichuguu kikubwa, kingo ya korongo au mteremko wa udongo laini unafaa. Vichaka, ukuta wa makuti, anga juu ya kilima na mawe ya matumbawe ya ukanda wa pwani havifai. Mawe hurudisha risasi upande usioutarajia. Macho mawili yanayong'aa kwenye mwanga wa tochi hayakuambii kama ni ya mbweha, mbwa wa jirani au ndama, na kuwinda usiku kwa taa ni miongoni mwa njia zilizokatazwa na sheria ya wanyamapori. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji na majirani kwamba una silaha yenye leseni na unakusudia kulinda zizi.

Na gobore?

Gobore lililotengenezwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma ni silaha kama nyingine mbele ya sheria, na kulimiliki bila leseni ni kosa. Kama chombo ni baya zaidi, kwani bomba hilo halikutengenezwa kubeba mlipuko wa baruti na hakuna fundi anayeweza kukuthibitishia lini litaachia.

Mbweha ameingia uani mchana, haogopi watu na anang'ata kila kitu. Nifanye nini?

Mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa. Kwa wakazi wa Lindi na Mtwara hili si tahadhari ya vitabuni: ufuatiliaji uliofanywa katika mikoa hii miwili baada ya 2010, kipindi ambacho mbwa wa ukanda wa kusini-mashariki walikuwa wakichanjwa kwa mradi ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ulionyesha kwamba mbweha ni sehemu kubwa ya wanyama wanaougua ugonjwa huo huku, tofauti na sehemu nyingi za nchi ambako mbwa ndio karibu wote. Mbweha mwenye afya hukimbia. Anayekuja mchana, anayeyumba, anayetoa udenda au anayewavamia mbwa watatu kwa pamoja anaumwa.

Ingiza watoto ndani, fungia mbwa, na mwite Afisa Mifugo wa kata. Ikibidi apigwe na mtu mwenye leseni, apigwe kifuani, kwa kuwa ubongo ndio unaohitajika maabara kuthibitisha ugonjwa, na kichwa kilichosambaratishwa hakina msaada. Asiguswe kwa mikono mitupu wala kukokotwa na mbwa. Mtu aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kurukiwa mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo na akamilishe tarehe zote alizopangiwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Pilipili, mafuta ya taa, jivu au jani lililotafunwa visiwekwe kwenye jeraha.

Mfugaji aliyehakikisha mbwa wake wamechanjwa kila mwaka amefanya zaidi kwa usalama wa nyumba yake kuliko mwenye bunduki tatu.

Je, naweza kutega sumu badala ya bunduki?

Sumu imekatazwa, nayo haichagui. Kipande cha nyama kilichotiwa dawa ya mikorosho au ya panya kitamuua mbwa wako, fisi, na tai watakaotua kwenye mzoga, na kama mzoga umelala karibu na kisima, matatizo yatakuwa makubwa kuliko kuku.

Njia zipi zinafanya kazi bila risasi?

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo kwa kimo cha mtu kiunoni, lenye sakafu ya fito za mianzi zilizokaribiana na ngazi inayoondolewa jioni, humshinda mbweha kabisa. Banda la chini lizungushiwe wavu uliofukiwa ardhini angalau sentimita 30, ukipindishwa kuelekea nje, maana mchimbaji huanzia usawa wa ukuta na hukutana na wavu kabla hajafika ndani. Matundu ya juu yazibwe kwa ajili ya kanu. Mabibo yaokotwe au yafukiwe, utumbo wa samaki usitupwe nyuma ya jiko, na mbuzi wenye mimba kubwa walale zizini lenye boma la miiba. Wanambuzi huliwa zaidi siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na kondo la nyuma lililoachwa uwanjani huita wanyama kwa harufu, kwa hiyo lifukiwe mara moja.

Kwa kuwa tunazungumzia hasara: kuku wengi wa kienyeji hufa kwa mdondo kuliko kwa meno ya mbweha, na chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ni rahisi kuliko kisanduku cha risasi.

Mlinzi wa shamba au kijana wangu anaweza kuitumia bunduki ninapokuwa safarini?

Hawezi, isipokuwa ana leseni yake. Ukisafiri kwa muda mrefu, uliza kituo cha polisi kuhusu kuihifadhi huko. Ikiibwa au ikipotea, toa taarifa mara unapogundua, hata kama ni usiku wa manane.

Nisafishe vipi na nihifadhi wapi katika hewa ya chumvi?

Risasi za zamani zilikuwa na fataki (viwashio vya baruti vilivyo kitakoni mwa ganda) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haiyeyuki kwenye mafuta. Mitutu mingi iliyoliwa na kutu ilipakwa mafuta kila mara na wenyewe wakidhani wameitunza. Mtutu unaoushuku kuwa ulipigwa risasi za aina hiyo umiminiwe maji ya moto kutokea upande wa chemba, upitishwe matambara makavu kwa ufito hadi yatoke meupe, ndipo upakwe mafuta ya bunduki kidogo. Mafuta ya nazi hayafai, huganda na kunata. Kagua tena baada ya siku mbili, na wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili kagua kila wiki.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi wala blanketi, kwani vyote hushika unyevu na kuukandamiza kwenye chuma. Kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti ndilo linalotakiwa, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine na ufunguo usiwe kwenye msumari ambao watoto wanaujua. Kabla ya kutumia, futa mafuta yote ndani ya mtutu na uutazame tena kwenye mwanga, kwa sababu ya nyigu.

Mbweha akila mbuzi wangu, nitalipwa?

Kifuta jasho kinachotolewa chini ya kanuni za 2011 kimekusudiwa madhara ya wanyama wakali kama tembo, simba, fisi, kiboko na mamba. Mwenye mbuzi aliyeliwa na mbweha aandikishe tukio ofisi ya kijiji hata hivyo, kwa sababu Afisa Mifugo hutumia taarifa hizo kujua wapi kichaa cha mbwa kimeanza kujitokeza.